MZAHA WA MVIVU HULIPWA NA MNYONGE



Neno letu la leo liko Methali 26:18-19. Fungua Biblia yako usome kabla hujaendelea. Utamkuta mtu aliyerukwa na akili, anatupa moto na mishale huku na huku, wala haangalii inampata nani. Kisha Biblia inasema, huyo ndiye mfano wa mtu anayemfanyia jirani yake hila, halafu akiulizwa anasema alikuwa anacheza tu.

Alikuwa anacheza tu! Mpendwa, maneno hayo unayajua. Siku hizi tunayasema hivi: "Nilikuwa natania tu, mbona unachukulia vitu kwa uzito?"

Desemba inakaribia. Kila Jumamosi kuna harusi, kuna kupeleka mahari, kuna kumwaga mwalimu anayestaafu. Na katika kila hema kutakuwa na mtu mmoja aliyepewa maiki na kuambiwa, "Tuchangamshe kidogo." Ujumbe huu ni wa huyo mtu. Labda ni wewe. Wewe MC, wewe msimamizi wa bwana harusi, wewe mjomba wa bibi harusi, wewe mwenyekiti wa kamati, wewe kiongozi wa vijana. Na ndiyo, wewe mchungaji mwenzangu pia.

Niruhusu niseme wazi. Hotuba nyingi za kuchekesha tunazosikia katika sherehe za watu waliookoka ni dhambi iliyovaa suti. Na mara nyingi chanzo chake si chuki. Ni UVIVU. Mtu hakujiandaa. Amesimama mbele ya watu mia tatu, kicheko hakiji, jasho linamtoka. Anaangaza macho chini ya hema akitafuta wa kumrukia. Anamwona mnene. Anamwona yule ambaye hajaolewa. Anamwona mzee asiyejua Kiswahili vizuri. Anaokota kilicho karibu, kisichoweza kujitetea, anakirusha. Watu wanacheka. Yeye amepona, mwenzake ameumia.

Mzaha wa mvivu hulipwa na mnyonge. Shika hilo neno.

Sasa sikiza orodha hii, uniambie kama nadanganya. Bibi harusi anaambiwa gari lilikuwa limeinama upande wake. Dada yake mkubwa anaambiwa asimame aonekane, "huyu bado yuko sokoni na bei imeshuka." Bwana harusi anakumbushwa majina ya wasichana wa zamani, mama mkwe akiwa ameketi pale pale. Babu anatoa baraka, 'r' na 'l' zimebadilishana mahali, na MC anamwigiza mpaka mzee wa watu anaketi kabla ya kumaliza. Wakwe wanatoka kabila lingine, basi wageni wanaambiwa washike mifuko yao vizuri.

Na ule ulio mbaya kuliko yote: "Wapendwa wetu wale wa meza ya tatu, nyinyi mlifunga ndoa lini? Tulikula pilau yenu, na mpaka leo hatujaona matokeo!"

Dada mmoja alinijia ofisini baada ya harusi kama hiyo. Sitamtaja, wala sitataja harusi ilikuwa ya nani. Ameolewa miaka minane. Aliniambia, "Mchungaji, mimi ndiye nilicheka kwa sauti kuliko wote." Alicheka ili watu wasimwangalie usoni. Kisha akaenda nyuma ya hema, akakaa huko hadi sahani zilipokusanywa. Hakula.

Sasa soma 1 Samweli 1:6-7. Mwaka baada ya mwaka, familia ya Elkana ilipopanda kwenda nyumbani kwa Bwana, Penina alikuwa akimchokoza Hana kwa sababu hakuwa na mtoto. Ilikuwa sikukuu. Kulikuwa na nyama. Kulikuwa na ibada. Na Hana alilia, hakula. Umeona? Miaka elfu tatu imepita, na bado kuna Hana nyuma ya hema, na bado Penina ana maiki. Tofauti ni kwamba siku hizi Penina tunamlipa.

Najua utanijibu. Nimeshayasikia majibu yote, na leo nataka tuyapitie moja moja.

JIBU LA KWANZA: "Mchungaji, watu walicheka."

Ndiyo, walicheka. Hata darasani, mtoto akianguka kwenye matope wenzake wanacheka. Watu hucheka kwa sababu jirani amecheka. Hucheka kwa kuona aibu. Hucheka kwa kufurahi kwamba leo hawakutajwa wao. Kicheko peke yake si ushahidi kwamba umefanya jambo jema. Usipime hotuba yako kwa kelele za walio wengi. Ipime kwa uso wa yule mmoja uliyemtaja. Na Waefeso 4:29 imetupa kipimo tayari: neno lako linamjenga anayesikia? Linampa neema? Kama halimpi, hata hema lote likianguka kwa kicheko, umeshindwa.

JIBU LA PILI: "Ndiyo maana mimi nasema kanisani kusiwe na vichekesho kabisa."

Hapana, ndugu yangu mtakatifu. Wewe nawe umekosea upande wa pili. Isaka maana yake ni kicheko. Mungu mwenyewe ndiye aliyechagua jina hilo, na Sara akasema katika Mwanzo 21:6 kwamba Mungu amempa kicheko. Biblia yako imejaa mambo ya kuchekesha, ila unaisoma umekunja uso.

Soma Methali 26:14-15, mistari michache tu juu ya andiko letu la leo. Mvivu anageuka kitandani kama mlango kwenye bawaba zake. Anakwenda huku na huku, lakini hatoki pale. Kisha anatia mkono kwenye bakuli, na kuurudisha mdomoni kunamchosha. Soma Isaya 44:15-17. Mtu anakata mti, nusu anaukokea moto, anachoma nyama, anaota, anasema amepata joto. Nusu iliyobaki anaichonga mungu, anaiinamia, anaiomba imwokoe. Kuni zilizoivisha nyama na mungu wake ni mti mmoja! Bwana Yesu naye, katika Mathayo 23:24, anawaonyesha Mafarisayo kama watu wanaochuja mbu asiingie kwenye kinywaji, halafu wanameza ngamia. Hebu mwone huyo ngamia akipita kooni, nundu na yote.

Lakini angalia vizuri ni nani anayechekwa hapo. Ni mvivu, ni sanamu, ni mnafiki mwenye cheo. Kwenye Mlima Karmeli Eliya aliwakejeli manabii wa Baali 450 waliokuwa na ikulu nyuma yao. Hakumkejeli mjane wa Sarepta kwa sababu ya unga wake kidogo. Nitafutie andiko moja ambalo Yesu anamfanyia mzaha mkoma, kipofu, mjane au mwanamke asiye na mtoto. Utatafuta mpaka arudi. Na Walawi 19:14 imekataza waziwazi kumlaani kiziwi, mtu ambaye hata hatasikia ulichosema. Mungu amesikia.

JIBU LA TATU, na hili ndilo letu sisi Wapentekoste: "Mimi siandiki. Nikisimama, Roho Mtakatifu atanipa cha kusema."

Haleluya. Sasa soma hiyo ahadi yenyewe, Mathayo 10:17-20. Imetolewa kwa watu wanaokamatwa na kupelekwa barazani kwa ajili ya jina la Yesu. Wewe hukukamatwa. Wewe uliombwa na kamati tangu Septemba, ukatumiwa ujumbe wa WhatsApp mara nne, ukakumbushwa juzi. Ulikuwa na muda wa kushonesha suti. Usimsingizie Roho Mtakatifu uvivu wako. Mhubiri, pamoja na hekima yake yote, anasema katika sura ya 12:10 kwamba alitafuta maneno ya kupendeza, na ya kweli pia. ALITAFUTA. Hakungoja yamdondokee.

Watu wengine wanatuaibisha katika jambo hili. Kuna shirika linaitwa Toastmasters, lililoanzishwa na Ralph Smedley mwaka 1924 kule Santa Ana, California, kufundisha watu kuzungumza mbele ya wenzao. Vilabu vyake viko hata hapa Nairobi. Wana shindano la hotuba za kuchekesha. Hotuba ni dakika 5 hadi 7. Kuna taa: ya kijani dakika ya 5, ya njano ya 6, nyekundu ya 7. Ukimaliza kabla ya dakika 4 na sekunde 30, au ukapita dakika 7 na sekunde 30, umeondolewa, hata kama ukumbi mzima ulikuwa unalia kwa kucheka. Na maneno lazima yawe yako mwenyewe. Basi mtu anaandika, anasoma mbele ya wenzake, anasahihishwa, anaandika tena, anafanya mazoezi wiki nyingi. Kwa ajili ya nini? Kikombe cha kuweka juu ya kabati. Na wewe umepewa dakika hizo hizo katika siku ambayo watu wawili hawataisahau maisha yao yote, unakuja na vichekesho ulivyookota kwenye simu ukiwa njiani!

Usiniambie huna kipawa. Kuchekesha kunaandaliwa. Fungua Waamuzi 9, uone mtu aliyejua kazi hiyo. Abimeleki ameua ndugu zake sabini ili awe mfalme, na amebaki mmoja tu aliyejificha, Yothamu. Kijana huyu anapanda juu ya Mlima Gerizimu na kuhutubia watu wa Shekemu. Anasema nini? Anasimulia hadithi ya miti inayotafuta mfalme. Mzeituni unakataa, una mafuta yake. Mtini unakataa, una utamu wake. Mzabibu unakataa, una divai yake. Wa nne ni mti wa miiba, nao unakubali mara moja! Tena unawaambia miti wote waje wajikinge chini ya kivuli chake. Kivuli cha mti wa miiba, wapendwa! Jaribu kukaa chini yake saa sita mchana.

Umeona alivyoipanga? Tatu zinakuzoesha njia, ya nne inakata kona. Kichekesho amekiweka mwisho. Hakutaja sura ya Abimeleki wala umaskini wa mtu yeyote. Alimlenga muuaji aliyeketi kwenye kiti, na ukweli wake uliwafuata watu wa Shekemu mpaka ukatimia. Kisha akakimbia, kwa sababu alijua amemgusa mwenye nguvu. Na wewe jiulize: hotuba yako imewahi kukugharimu chochote, au kila mara analipa mwingine?

Sasa nikusaidie, nisiwe wa kukemea tu. Ukiombwa kusema kwenye sherehe, fanya hivi.

Kwanza, tafuta jambo MOJA la kweli unalotaka watu waondoke nalo. Mzaha usio na jambo ni kelele. Kama unataka kusema bwana harusi ni mtu mwaminifu, kila kichekesho kielekee huko.

Pili, mtu wa kuchekwa awe wewe mwenyewe. Hapo hutakosa mali ya kutosha. Mfano, msimamizi anaweza kusema hivi: "Mimi na bwana harusi tuliishi chumba kimoja Kayole miaka minne. Tulikuwa na sufuria moja, sahani mbili, na imani kubwa kwamba mwenzangu ndiye ataosha." Hema litacheka, na hakuna aliyeumia. Kisha amgeukie rafiki yake: "Ndugu yangu, leo umeoa. Ile imani iache hapa mlangoni. Huko unakokwenda, sahani ni zako." Umechekesha, na umemfundisha mume kuwa mtumishi nyumbani mwake. Mama wa bibi harusi atakupigia makofi kuliko wote.

Tatu, andika neno kwa neno, kisha chunguza mwisho wa kila sentensi. Neno linalochekesha likae mwisho kabisa. Ukisema, "Kila mmoja aliamini mwenzake ataosha zile sahani mbili na sufuria moja tulizokuwa nazo," umeua kichekesho kile kile kwa maneno yale yale.

Nne, kabla ya siku, mwendee kila mtu uliyemtaja. Mwambie, "Nataka kusema hivi juu yako. Ni sawa?" Asipojibu haraka, ameshajibu. Futa. Na kama unaona haya kumsomea akiwa peke yake, basi huna ruhusa ya kumsomea mbele ya watu mia tatu.

Tano, soma kwa sauti ukiwa na saa. Zikizidi dakika saba, punguza. Paulo mwenyewe alipohubiri mpaka usiku wa manane, Eutiko alisinzia akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, Matendo 20. Paulo alikuwa na upako wa kumrudishia uhai. Wewe unao?

Sita, ukifika pale, tulia. Sema polepole. Usicheke kabla ya wageni. Wakicheka, ngoja kicheko kishuke ndipo uendelee, usiseme juu yake. Wasipocheka, pita kimya kimya, usieleze, usirudie. Na hapo ndipo shetani atakunong'oneza umrukie mtu. USIMRUKIE. Ni heri kichekesho chako kife kuliko roho ya mtu ivunjike.

Kuhusu vichekesho vya makabila nina neno la pekee, kwa sababu nchi yetu ina kidonda. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa, na ndani yake walikuwa watu waliokimbilia humo kutafuta usalama. Wakiwemo watoto. Sisemi mzaha wa harusini ndio uliowasha kiberiti. Nasema hakuna anayeanza siku moja tu kumwona jirani kuwa si mtu. Huanza kwa kumwita jina, watu wakacheka, wakazoea. Neno "madoadoa" lilikuwa lugha ya picha tu, mpaka mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikaliweka kwenye orodha ya maneno ya chuki. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kijana wa Kisii akimwoa binti wa Murang'a, Mungu anajenga daraja mbele ya macho yako. Wewe usiwe wa kulitoboa kwa maiki. Nyumbani kwa watani wenu mnaoelewana, mtajua wenyewe. Katika hema lenye koo mbili zinazokutana mara ya kwanza, nyamaza.

Wachungaji wenzangu mnaoketi meza ya mbele, kuna neno lenu pia. Kuhani Eli alimwona Hana analia, akadhani amelewa. Msiwe kama Eli, wa kula nyama ya sherehe bila kujua nani katika kundi lenu ana kidonda. MC akimwaibisha mtu mbele yenu, msitabasamu kwa adabu. Inukeni. Ombeni maiki kwa upole. Mwiteni huyo aliyeaibishwa kwa jina lake na kumbariki mbele ya hao hao waliomcheka. Itachukua dakika moja. Sherehe haitaharibika.

Na wewe uliyemrushia mtu moto msimu uliopita, usiandike kwenye maoni hapa chini kwamba umeguswa. Mpigie simu leo. Usimwambie "kama nilikukwaza," wala usimwambie ulikuwa unatania. Mwambie, "Nilikosa. Nisamehe." Mathayo 12:36 inasema kila neno lisilo na maana tutalitolea hesabu. Heri uanze hesabu hiyo mapema, kwa simu, ukiwa bado na salio.

Tuombe.

Baba, katika jina la Yesu, asante kwa kicheko ulichompa Sara katika uzee wake. Utupe na sisi kicheko kama hicho, kinachomwacha kila mtu akiwa mzima. Weka mlinzi kinywani mwetu wakati maiki iko mkononi. Mkumbuke kila Hana aliyekaa nyuma ya hema mwaka huu. Mfute machozi, umrudishe mezani, ale pamoja nasi. Amina.

Ukimjua mtu aliyepewa maiki Jumamosi hii, mtumie ujumbe huu kabla ya Ijumaa. Tukutane ibada ya Jumapili. Mbarikiwe.